Kusahihisha uchambuzi wa taasisi: jicho la jumla, jedwali la vigezo, orodha ya hakiki au jozi?

Kazi ya kuchambua taasisi inamsumbua msahihishaji kuliko insha ya kawaida. Mwanafunzi ametumwa kwenye SACCOS, shule, zahanati au kiwanda cha maziwa. Anatakiwa aeleze mambo yanavyokwenda pale, aseme panapokwama na kwa nini, kisha apendekeze la kufanya. Jibu moja sahihi halipo. Wanafunzi 60 wanaleta taasisi 60, na msahihishaji huenda hajakanyaga hata moja.

Njia zinazotumika ni nne, na kila moja ina waumini wake: jicho la jumla (kusoma kazi nzima na kutoa alama moja), jedwali la vigezo (alama kwa kila kigezo), orodha ya hakiki (ndiyo au hapana) na jozi (kulinganisha kazi mbilimbili). Hapa zinapimwa kwa mzigo uleule: kazi 60, kila moja maneno 2,500, alama 40 za tathmini endelevu. Saa zilizoandikwa ni makadirio ya mezani: dakika 10 kwa kila kazi ukitumia jicho la jumla, 22 kwa jedwali la vigezo, 4 kwa orodha ya hakiki, na 5 kwa kila jozi. Ongeza robo kama unasahihisha usiku.

| | Jicho la jumla | Jedwali la vigezo | Orodha ya hakiki | Jozi |
|---|---|---|---|---|
| Muda | Saa 10 | Saa 22 | Saa 4 | Saa 25. Wasahihishaji watano, saa 5 kila mmoja |
| Anachorudishiwa mwanafunzi | Alama na sentensi mbili | Alama na neno kwa kila kigezo | Ndiyo na hapana | Alama tupu |
| Kinachoidanganya | Lugha tamu | Vipande vizuri visivyoungana | Kujaza visanduku | Uchovu na wingi wa kurasa |
| Mwanafunzi akikata rufaa | Unahangaika | Unajibu | Unajibu haraka | Unahangaika zaidi |
| Inapofaa | Rasimu, kundi dogo | Kazi ya alama | Mlango wa kuingilia | Mipaka ya madaraja |

Ili tofauti zionekane, chukua vipande hivi viwili vya mfano, vyote kuhusu SACCOS ya walimu. Kazi A inasema:

"SACCOS hii inakabiliwa na changamoto mbalimbali zikiwemo uongozi usio thabiti, uelewa mdogo wa wanachama na uhaba wa mitaji. Kwa mujibu wa uchambuzi wa SWOT, changamoto hizo zinaweza kugeuzwa kuwa fursa endapo viongozi watapatiwa mafunzo ya mara kwa mara."

Kazi B:

"Mwanachama alieomba mkopo tarehe 2 anasubiri mpaka Ijumaa ya mwisho wa mwezi kwasababu kamati ya mikopo inakaa mara moja tu. Nimehesabu maombi ya robo ya kwanza yako 31, na 19 yamekaa zaidi ya siku 20. Hela ilikuwepo benki muda wote huo. Kwahiyo tatizo sio mtaji ni ratiba."

Ya kwanza imenyooka kama taarifa ya habari. Ya pili ina makosa ya tahajia na koma zimepotea. Lakini ni ya pili tu iliyoingia ndani ya taasisi. Njia ya kusahihisha isiyoweza kuiweka B juu ya A haifai kwa kazi hii, hata kama ni ya haraka kiasi gani.

Jicho la jumla

Msahihishaji anasoma kazi yote, anaiweka chini, anaandika 27. Wenye uzoefu mrefu wanaipenda njia hii, na wana haki kwa jambo moja: uchambuzi wa taasisi ni mnyororo. Ushahidi unazaa utambuzi wa tatizo, utambuzi unazaa pendekezo. Anayesoma kwa mkupuo mmoja anausikia mnyororo ukikatika, hata kabla hajaweza kusema ni pingili ipi iliyoachia.

Ubaya wake unajulikana tangu zamani. Mwaka 1912 nchini Marekani, Daniel Starch na Edward Elliott walisambaza nakala za karatasi zilezile za Kiingereza kwa walimu wa shule mbalimbali, kila mmoja asahihishe kivyake kwa alama 100. Alama za karatasi moja zilipishana kwa zaidi ya 30. Tangu hapo wasahihishaji hawajabadilika sana. Mmoja anachukizwa na marejeo yaliyopangwa ovyo, mwingine anavutiwa na mchoro wa muundo wa uongozi, wa tatu amefanya kazi benki miaka kumi na hataki kusikia SACCOS ikisifiwa.

Kwa kazi zetu mbili, jicho la jumla lina hatari ya kuipa A alama 28 na B alama 24. Lugha ndiyo inayoonekana kwanza, na jicho likishaizoea haliachi. Hatari inakua pale kazi inapoandikwa kwa Kiingereza, kama ilivyo katika vyuo vikuu vingi vya Tanzania na Kenya: aliyesoma shule ya mchepuo wa Kiingereza anaanza akiwa mbele kabla hajaeleza chochote kuhusu taasisi. Na sasa kuna programu za akili bandia zinazoandika aya za mtindo wa Kazi A kwa sekunde, bila kosa la tahajia hata moja. Kati ya njia zote nne hii ndiyo inayodanganywa nazo kirahisi.

Ukilazimika kuitumia, kuna mazoea matatu yanayopunguza madhara. Changanya rundo kabla ya kuanza na ulichanganye tena katikati, kwa sababu kazi ya wastani inayofuata baada ya kazi tano dhaifu huonekana ya dhahabu. Weka mezani kazi tatu za mwaka uliopita zenye alama zinazojulikana (moja ya 18, moja ya 25, moja ya 33), na kila baada ya kazi kumi uirudie moja. Zoea la tatu ni la thamani kuliko yote: anza kusoma kutoka mwisho. Fungua mapendekezo, chagua moja, kisha rudi nyuma ukitafuta sababu yake. "Viongozi wapatiwe mafunzo": ni ukurasa gani umeonyesha kwamba viongozi hawajui jambo fulani, na ni jambo gani hilo? Usipolipata ndani ya dakika mbili, mwandishi naye hakuwa nalo.

Jedwali la vigezo

Hii ndiyo njia ambayo vyuo vingi vinaidai kwenye maandishi, na ndiyo inayoharibiwa kwa ufundi mkubwa zaidi. Jedwali linalofanya kazi kwa alama 40 linaweza kugawanywa hivi: ushahidi kuhusu taasisi 10, matumizi ya nadharia 8, utambuzi wa tatizo na chanzo chake 10, mapendekezo 8, lugha na mpangilio 4. Vigezo vitano vinatosha. Ukifika kumi na viwili, kila kazi inakula dakika 40 na kosa moja linaadhibiwa mara tatu kwa majina tofauti: ushahidi mdogo unapunguziwa kwenye "utafiti", kwenye "kina" na kwenye "mifano".

Kazi ngumu ni kuandika maelezo ya ngazi. Maneno kama "vizuri sana", "vizuri" na "wastani" hayasaidii, kwa kuwa yanamrudisha msahihishaji kwenye jicho la jumla huku akijidhani ana kipimo. Kwa kigezo cha utambuzi wa tatizo, ngazi zinaweza kusomeka hivi:

9–10: tatizo moja au mawili, chanzo kimeonyeshwa kwa ushahidi aliouokota mwenyewe, na angalau sababu nyingine iliyodhaniwa imepimwa ikakataliwa.
6–8: chanzo kina ushahidi, ila sababu nyingine hazikuguswa.
3–5: tatizo ni la kweli lakini limetajwa kwa jina la jumla, ushahidi ni mstari mmoja wa mahojiano.
0–2: orodha ya changamoto zinazoweza kubandikwa kwenye taasisi yoyote.

Ngazi ni nne kwa makusudi. Zikiwa tatu au tano kuna katikati, na msahihishaji aliyechoka huhamia huko na mizigo yake yote.

Ngazi ya chini ina jaribio jepesi: badilisha jina. Kwenye aya ya Kazi A, futa "SACCOS" andika "zahanati", futa "wanachama" andika "wagonjwa". Aya bado inasimama. Hiyo ni 1 au 2. Fanya hivyo kwa Kazi B na kila kitu kinaanguka, kwa sababu zahanati haina kamati ya mikopo wala Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Sentensi yake ya "Hela ilikuwepo benki" ndiyo inayoipandisha hadi 9: uhaba wa mtaji ndio ungekuwa maelezo ya kwanza ya mtu yeyote, naye ameuchunguza akauondoa. Makosa ya tahajia yatamgharimu alama mbili kati ya zile nne za lugha, basi.

Mtego mkubwa wa jedwali ni kujumlisha. Chukua kazi iliyopata ushahidi 8, nadharia 6, utambuzi 5, mapendekezo 6, lugha 4. Jumla ni 29 kati ya 40, yaani asilimia 72.5, na katika vyuo vingi vyetu daraja la A huanzia asilimia 70. Lakini ukiisoma unakuta mapendekezo mazuri kabisa yasiyohusiana na tatizo lililotajwa: tatizo ni ratiba ya kamati, pendekezo ni kununua programu ya uhasibu. Kila kipande kimepata haki yake na mnyororo haupo. Dawa ni kuandika sharti ndani ya jedwali lenyewe: pendekezo lisilorejea chanzo kilichotambuliwa halizidi 3 kati ya 8, hata likiwa la busara namna gani. Kazi ileile inashuka hadi 26, asilimia 65, B+. Sharti hili liandikwe kwenye karatasi ya maelekezo wanayopewa wanafunzi siku ya kwanza. Likitolewa baada ya kusahihisha, ni ugomvi.

Kigezo cha ushahidi kinahitaji maelezo yake, kwa kuwa hapo ndipo historia hujificha. Mwanafunzi anayechambua chama kikuu cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro ataanza na KNPA ya 1925, chama cha wakulima wenyeji wa kahawa, aje KNCU ya 1933, chama kikuu cha ushirika kilichokirithi, aeleze vyama vikuu vilivyofutwa 1976 na kazi zao kupewa mamlaka za mazao, kisha sheria ya 1982 iliyovirudisha. Ukurasa na nusu, yote ni sahihi, na hakuna tarehe hata moja inayoguswa tena kuanzia ukurasa wa tatu. Msahihishaji mkarimu anatoa 8. Asitoe. Tarehe hizo ni mapambo mpaka zifanye kazi. Mwanafunzi mwingine akiandika kwamba wakulima waliona chama chao kikiondolewa na serikali kisha kikirudishwa na serikali, na akauliza kama hilo linagusa namna wanachama wa leo wanavyokiona chama ni chao au si chao, akaenda kuwauliza, huyo ametumia mistari miwili ya historia kama ushahidi. Apewe.

Na je, msahihishaji atajuaje kama mambo ni ya kweli wakati hajafika kwenye taasisi? Baadhi anaweza kuyahakiki akiwa amekaa. Tanzania Bara, SACCOS ziko daraja la tatu chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, na usimamizi wake wa kila siku uko kwa Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Kenya, sacco zinazopokea amana zinasimamiwa na SASRA, mamlaka ya nchi hiyo ya kusimamia sacco, chini ya sheria ya 2008. Mwanafunzi wa Dodoma anayeandika kwamba SACCOS yake inakaguliwa na SASRA hajafika ofisini. Amenakili kazi ya Nairobi. Mengine yanahakikiwa kwa viambatisho: maswali ya mahojiano, tarehe, wadhifa wa mhojiwa bila jina lake, picha ya fomu tupu ya maombi. Ukiwa na shaka, dakika tano za kumuuliza ana kwa ana zinatosha. "Uliambiwa kamati inakaa siku gani? Nani alikuambia?" Aliyekwenda anajibu kabla hujamaliza kuuliza.

Kwenye nadharia, usihesabu viunzi vya uchambuzi. Kazi yenye SWOT (nguvu, udhaifu, fursa na vitisho), PESTEL (siasa, uchumi, jamii, teknolojia, mazingira na sheria) na nguvu tano za ushindani za Porter kwa pamoja, ndani ya maneno 2,500, kwa kawaida haikutumia hata kimoja. SWOT hasa inapendwa kwa sababu ina visanduku vinne vinavyojaa vyenyewe. Cha kuuliza ni hiki: kiunzi kimemwonyesha mwandishi jambo ambalo asingeliona bila hicho? Anayetumia fremu nne za Bolman na Deal za kuitazama taasisi (muundo, watu, siasa na ishara), akaona kwamba mkutano mkuu wa mwaka unaolalamikiwa kwa kutopitisha lolote kumbe unafanya kazi ya kiishara, ya kuwakutanisha wanachama na kuwathibitishia kwamba chama kipo, amepata kitu. Hiyo ni 7 au 8.

Jedwali zuri halijiendeshi. Wasahihishaji wawili au zaidi wakae saa mbili kabla ya kuanza, wachukue kazi tatu, kila mmoja asahihishe kimya kimya, ndipo walinganishe. Wakipishana zaidi ya alama 4 kati ya 40, wasikimbilie wastani. Wastani wa 18 na 30 ni 24, alama ambayo hakuna kati yao anayeiamini. Warudi kwenye kigezo kilicholeta pengo, waboreshe maneno ya ngazi, wajaribu kazi nyingine mbili. Wala wasiridhike na kuona kwamba "tunapanga kazi kwa mfuatano uleule": anayetoa alama 5 pungufu kwa kila mtu anafuatana na mwenzake kikamilifu, na kundi lake zima linaumia.

Orodha ya hakiki

Ndiyo au hapana, hakuna katikati. Je, kuna barua ya ruhusa ya taasisi? Je, ushahidi ni wa aina mbili au zaidi, mfano mahojiano na nyaraka? Je, majina ya wahojiwa yamefichwa? Je, kila pendekezo linasema nani atalifanya na lini? Je, maneno ni kati ya 2,250 na 2,750? Dakika nne, na msaidizi asiye mtaalamu wa somo anaweza kuifanya.

Kama njia pekee ya kutoa alama haifai. Kazi A na Kazi B zinaweza kupata ndiyo zote tano, na wanafunzi wakishaijua wanaandika kwa ajili ya visanduku: "Mhasibu atatekeleza pendekezo hili kufikia Desemba." Mhasibu gani, kwa bajeti ipi, hakuna anayejua. Lakini kama mlango ni nzuri kuliko zote. Kazi isiyo na barua ya ruhusa au yenye majina ya wahojiwa hadharani isiingie kwenye kusahihishwa. Irudishwe, siku tatu za kurekebisha. Hilo peke yake linakuokoa dakika 22 za kusoma kazi ambayo ingekataliwa baadaye, na linamkinga karani aliyemweleza mwanafunzi mambo ya ofisini kwa nia njema.

Kwa ngazi za cheti na stashahada zilizo chini ya NACTVET, baraza la Tanzania la elimu na mafunzo ya ufundi, hali ni tofauti kidogo. Mitaala yake ni ya umahiri, kwa hiyo lazima uonyeshe kwamba mwanafunzi amefikia kila kigezo cha utendaji, na jumla ya alama peke yake haitoshi. Hapo orodha na jedwali vinakaribiana sana, na jicho la jumla halina nafasi.

Jozi

Msingi wake ni kazi ya Louis Thurstone ya mwaka 1927: binadamu ni dhaifu katika kusema kitu hiki ni 27, ila ana uwezo mzuri wa kusema hiki kinazidi kile. Basi msahihishaji hapewi jedwali. Anapewa kazi mbili na swali moja: ipi imeielewa taasisi yake vizuri zaidi? Anachagua, anapewa jozi nyingine. Kila kazi ikitokea mara kumi hivi mbele ya macho tofauti, ushindi na ushinde wake unapangwa kuwa kipimo.

Weka Kazi A na Kazi B pamoja chini ya swali hilo. Wengi watachagua B ndani ya dakika moja, kwa kuwa swali limewaambia waangalie wapi. Huo ndio uzuri wa jozi, na ndiyo sababu swali liandikwe kwa uangalifu. Ukiuliza tu "ipi ni bora?", lugha inarudi kwenye kiti chake.

Hesabu ndiyo inayokatisha tamaa. Kazi 60 zikitokea mara 10 kila moja ni nafasi 600, na kila jozi inatumia nafasi mbili, kwa hiyo jozi 300. Kwa dakika 5 ni saa 25. Ukiwa peke yako hujapunguza chochote, tena umekosa ile faida ya macho mengi iliyokuvutia. Jozi pia hazitoi alama: zinatoa mpangilio, na ili upate 27 au 31 inabidi kuingiza ndani ya rundo kazi nne za zamani zenye alama zinazojulikana, ziwe vigingi. Mrejesho haupo. Mwanafunzi aliyepata 19 akiuliza amekosea wapi, jibu ni kwamba mara nyingi wenzake walichaguliwa badala yake. Kamati ya rufaa haitalipokea jibu hilo, na ina haki.

Pamoja na hayo, kuna mahali jozi hazina mpinzani. Baada ya jedwali kumaliza kazi yake, zitabaki kazi saba au nane zilizosimama kwenye mpaka wa daraja, alama 26 na 27 zikiitazama daraja la A kwa uchu. Kazi 8 zikipambanishwa zote kwa zote ni jozi 28. Zimeshasomwa, hivyo dakika 3 kwa jozi zinatosha: saa moja na dakika 24. Karatasi ya Excel inatosha kuhesabu ushindi, huhitaji programu maalumu. Hapo unapata mpangilio unaouamini kuliko kukodolea macho nusu alama.

Na ule mfumo wa mkanda?

Kwenye usahihishaji wa mitihani ya taifa, msahihishaji mmoja hushika swali moja kwa karatasi zote, kama kiwandani. Wapo wanaouleta kwenye kazi hizi: wewe sahihisha ushahidi, mimi mapendekezo. Kwa maswali yanayojitegemea ni mfumo wa haki. Kwa uchambuzi wa taasisi ni njia ya uhakika ya kuukosa mnyororo, kwa kuwa wa mapendekezo hajasoma tatizo. Usitumike, labda kwa kuhakiki marejeo tu.

Kuchagua kwa hali uliyo nayo

Uko peke yako na kazi 60: orodha kwanza, jedwali la vigezo vitano lenye sharti la mapendekezo, jozi kwenye mpaka. Ni kama saa 27 kwa jumla. Zigawe kazi nane kwa siku na hazizidi, kwani ya tisa ndiyo huanza kupewa alama za huruma au za hasira.

Kazi 200 na wasaidizi wanne: jedwali lilelile, lakini saa mbili za kuoanisha viwango si hiari. Kila msaidizi apewe kazi 50, na wewe usome tena tano za kila mmoja, zikiwemo ya juu kabisa na ya chini kabisa, bila kuona alama aliyotoa. Msaidizi anayepishana nawe kwa upande mmoja kila mara anarekebishika kwa kuongeza au kupunguza. Anayepishana nawe ovyo, juu leo chini kesho, kazi zake zisahihishwe upya.

Rasimu isiyo na alama: jicho la jumla, dakika sita, ukianzia kwenye mapendekezo. Andika swali moja tu pembeni, lile la mnyororo. Maoni kumi na tano kwa wino mwekundu humfanya mwanafunzi arekebishe koma aache tatizo lilivyo.

Kazi ya kikundi: jedwali kwa kazi yenyewe, halafu kila mwanakikundi aulizwe peke yake maswali mawili kuhusu sehemu ambayo hakuiandika yeye.

Shahada ya uzamili yenye kazi 12, walimu watatu: hapa jozi zinawezekana kwa ukamilifu, jozi 66, kila mwalimu 22, ikiwa mrejesho mtautoa kwa mdomo. Hata hivyo mtahini wa nje akija atataka kuona vigezo, kwa hiyo jedwali liwe limejazwa angalau kwa kazi tatu za vigingi.

Matokeo yakishatoka, chagua kazi nne: moja ya juu, moja ya chini, na mbili za katikati zilizowagombanisha. Omba ridhaa ya waandishi, futa majina yao, ya taasisi na ya wahojiwa, bandika juu ya kila moja jedwali lililojazwa pamoja na mistari mitatu ya sababu, uziweke kwenye faili la somo. Zile mbili za ugomvi ndizo mtakazozifungua kwanza mwakani, mkikaa na wasaidizi wapya kuoanisha viwango.